Hema jepesi la kubeba mgongoni kwa watu wanne: moja kubwa au mawili madogo?

Shanta_Nne

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa hema la kutembea nalo kwa miguu, siyo la kupakia kwenye gari. Tuko wanne: watu wazima wawili, mtoto wa miaka 8 na mdogo wa miaka 4. Tunalala nje siku mbili hadi tatu, kila kitu kiko mgongoni, na mdogo anabeba sweta lake tu. Mvua na upepo tunavitarajia, theluji hapana.

Nimebakiwa na njia tatu. Ya kwanza, hema la watu watatu lenye kilo 1.8, tubanane humo. Ya pili, la watu wanne lenye kilo 2.6 hadi 3. Ya tatu, mahema mawili ya watu wawili wawili, kila moja kilo 1.2 hivi. Kila muuzaji anasema hema lake lina nafasi ya kutosha. Nitajuaje kabla sijalipa? Halafu haya ya 15D, 20D, silikoni na PU yananichanganya, mwenye kuyajua anifafanulie.

Pima_Kwanza

Karibu mkuu. Anza na sakafu, uzito utafuata. Ile namba ya watu inayoandikwa kwenye hema inahesabu magodoro membamba ya kulalia yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, basi. Mabegi hayamo kwenye hesabu hiyo, wala mtoto anayezunguka usiku kucha.

Godoro la kawaida la safari lina upana wa sm 51 na urefu wa sm 183. Yale mapana yana sm 63 au 64, na marefu yanafika sm 196. Sasa chukua hema jepesi la watu watatu. Mengi yana sm 165 hadi 180 upande wa vichwa, kisha sakafu inapungua kuelekea miguuni mpaka sm 150 hivi. Magodoro matatu ya sm 51 yanakula sm 153. Kwa hiyo njia yako ya kwanza inawafaa wazazi wawili na mtoto mmoja mdogo. Kwa wanne, mmoja atalala ameegemea ukuta, na ukuta huo asubuhi umelowa.

Hema la watu wanne lenye upana wa sm 215 hadi 240 linapokea magodoro manne ya sm 51, maana jumla ni sm 204. Kama nyinyi wazazi mna magodoro mapana, hesabu ni 64 mara mbili, ongeza 51 mara mbili: sm 230. Hapo sakafu ya sm 215 imeshakataa.

Upana unaonekana kwenye karatasi ya vipimo. Kinachodanganya ni urefu, kwa sababu ukuta wa hema haupandi wima. Ukilala juu ya godoro lililojazwa hewa, uso wako na vidole vya miguu viko kama sm 30 kutoka ardhini. Ukuta ukiinama kwa nyuzi 60 kutoka ardhini, kwenye kimo hicho umeshaingia ndani sm 17. Ukiinama kwa nyuzi 45, umeingia sm 30. Kwa hiyo sakafu ya sm 220 yenye kuta za nyuzi 60 kichwani na miguuni inabaki na sm 186 za kulala kweli, na yenye nyuzi 45 inabaki na sm 160. Mahema mawili yanaweza kuwa na sakafu ileile kwenye karatasi, moja likamfaa mtu mrefu na lingine likamlowesha miguu.

Kabla hujalipa fanya hivi. Andika vipimo vya sakafu kutoka kwenye karatasi ya hema, pamoja na upande wa miguuni kama ni mwembamba. Chora umbo hilo sakafuni nyumbani kwa utepe wa kubandika. Jaza magodoro hewa, yapange ndani ya mistari, kila mtu aingie kwenye mfuko wake wa kulalia na ajinyooshe. Kisha tafuta picha ya hema iliyopigwa kutoka ubavuni, pima mwinamo wa ukuta, halafu funga uzi kwenye kimo cha sm 30, mbele na nyuma, pale ukuta utakapokuwa. Mguu ukigusa uzi, utagusa hema.

Jambo la mwisho kwangu ni milango. Watu wanne wakilala sambamba na mlango uko mmoja tu ubavuni, wa ndani kabisa anawaruka watatu kila anapotaka kutoka, na mtoto wa miaka 4 hutoka usiku. Tafuta milango miwili inayotazamana, kila mmoja na kibaraza chake. Vibaraza ndimo mabegi yatakamolala, kwa kuwa ndani hayana pa kukaa.

Mawili_Madogo

Naungana na aliyenitangulia kwenye vipimo, ila njia ya tatu isitupwe haraka.

Mahema mawili yana faida ambazo jumla ya kilo haikuonyeshi. Kwenye msitu au kwenye kingo za miamba, kupata mahali tambarare pa sm 240 kwa 240, ongeza nafasi ya vibaraza, ni kazi. Kupata sehemu mbili ndogo ni rahisi zaidi. Kwenye upepo, hema dogo lina uso mdogo wa kupigwa na fito fupi, kwa hiyo linatulia. Mshono ukivuja au ufito ukivunjika, mna pa kuhamia. Na baada ya miaka michache watoto watalala peke yao, nanyi hamtanunua tena.

Ubaya wake ni huu: sasa hivi hamuwezi kumlaza wa miaka 4 na wa miaka 8 peke yao. Mtagawana, mzazi mmoja na mtoto mmoja kila hema. Wapo wanaoliona hilo jema, kwani mtoto mmoja akiamka hamwamshi mwenzake.

Uangalie pia namna uzito unavyoandikwa. Watengenezaji wengi wanaandika uzito wa aina mbili. Ule wa chini ni hema la ndani, kifuniko cha nje na fito tu. Ule wa kifurushi unaingiza vigingi, kamba za upepo na mifuko yake. Tofauti huwa gramu 200 hadi 400. Kilo 1.2 uliyoiandika, kama ni uzito wa chini, ukiyachukua mawili utaongeza hadi gramu 800 ambazo hukuzipigia hesabu. Kila hema dogo linataka vigingi 8 hadi 10 likifungwa sawasawa, kwa hiyo mawili ni 16 hadi 20. Hema moja la wanne linatosheka na 10 hadi 14. Kigingi kizuri cha alumini ni gramu 10 hadi 15. Linganisha uzito wa kifurushi kwa uzito wa kifurushi, usichanganye.

Fundi_Mishono

Nijibu ya vitambaa, maana hapo ndipo watu hununua tarakimu wasizozielewa.

D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 20D wa urefu huo una gramu 20, wa 15D una gramu 15. Denia ikipungua uzi unakuwa mwembamba na kitambaa chepesi, ila namba hiyo peke yake haikwambii nguvu. Ufumaji na mpako vinachangia sana. Nailoni ya 15D iliyopakwa silikoni pande zote mbili inaweza kukataa kuchanika kuliko nene zaidi iliyopakwa PU (poliyurethani, aina ya plastiki) tu, kwa sababu silikoni inaziacha nyuzi ziteleze na kushikana pamoja pale mpasuko unapoanza, wakati PU inazikaza mahali pamoja na zinakatika moja moja.

Kwa familia, kifuniko cha juu cha 15D au 20D kinatosha. Sakafuni usishuke chini ya 20D, na 30D ni bora. Watoto wanapiga magoti, wanaburuta vitu, wanaingia na kijiti mfukoni. Gramu 100 au 150 za ziada chini yao zina thamani kuliko mahali pengine popote kwenye hema.

Nailoni na poliesta zinatofautiana kwa jambo moja utakaloliona usiku wa kwanza wa mvua. Nailoni hunyonya maji na kurefuka. Kifuniko ulichokikaza jioni kikiwa kikavu, baada ya saa mbili za mvua kimelegea, kinagusa hema la ndani, na maji yanapita pale palipogusana. Dawa yake ni kukaza kamba tena kabla ya kulala. Poliesta hairefuki hivyo na inavumilia jua zaidi, lakini kwa unene uleule inachanika mapema kuliko nailoni nzuri. Dyneema, kitambaa kingine cha mahema mepesi, hainyonyi maji wala hailegei, na ni nyepesi kupita zote, ila ni ghali, haipendi kusuguliwa na inajaza nafasi kubwa begini. Kwa watoto wa umri huo siishauri.

Sasa namba za milimita, kama 1,200 au 3,000. Ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinakistahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Kwa kifuniko, 1,200 hadi 1,500 inazuia mvua vizuri kikiwa kipya na kimekazwa. Sakafu ni kesi nyingine. Mtu wa kilo 70 akipiga magoti, na magoti yake yakagusa eneo la sentimita za mraba 100 kwa jumla, anakandamiza sawa na maji ya kina cha mita 7, yaani milimita 7,000. Hakuna sakafu nyepesi inayoahidi hivyo. Ndiyo maana sakafu nzima kabisa "inavuja" chini ya magoti kwenye udongo uliojaa maji, na mtu anadhani imetoboka. Akilala juu ya godoro, uzito umesambaa na maji hayapandi. Hamisheni magoti yenu juu ya magodoro, na msipige hema palipotuama maji.

Kuhusu mishono: kitambaa chenye PU upande wa ndani hubandikwa utepe kiwandani. Kilichopakwa silikoni pande zote hakishiki utepe huo, kwa hiyo mengine huuzwa bila kuzibwa. Soma maelezo, na kama hayajazibwa, ziba mwenyewe. Simamisha hema, likaze. Changanya sehemu moja ya silikoni safi ya bomba na sehemu mbili au tatu za waiti spiriti, ile ya kusafishia brashi za rangi, koroga mpaka iwe nyepesi ya kupakika. Paka kwa brashi ndogo mstari wa sm 1 juu ya kila mshono, hasa penye vitanzi vya kamba, na futa michirizi kwa kitambaa kabla haijashika. Acha saa 24. Ikinata bado, nyunyiza poda kidogo. Gundi ya PU haishiki kwenye silikoni, itabanduka kama ganda, usiijaribu.

Mpako wa PU una adui mmoja mkubwa: kuhifadhiwa na unyevu. Unaoza polepole, unanata, unanuka, kisha unabanduka. Hema likirudi nyumbani, lianike mpaka pindo zikauke, ndipo ulikunje kwa kulegea ndani ya mfuko mkubwa wa pamba au wa wavu.

Shanta_Nne

Asanteni sana, nimechora ile sakafu kwa utepe. Hema la watatu limekufa hapohapo. Sakafu ya sm 230 kwa 220 imetupokea wote kwa magodoro ya sm 51, na zinabaki sm 26 za kugawana. Mlinganisho wa kifurushi kwa kifurushi: moja la wanne kilo 2.9, mawili kilo 3.1.

Bado nina maswali mawili. Kuna mahema yanayosimamishwa kwa fimbo za kutembelea badala ya fito zake, mepesi sana. Yanafaa? Na lile la ukuta mmoja, lisilo na hema la ndani, lina ubaya gani?

Kamba_za_Upepo

La fimbo linaokoa uzito wa kweli, kwa sababu fimbo mnazo tayari mikononi. Kwa hema la wanne ni gramu 400 hadi 600. Lakini angalia linavyosimama. Halisimami mpaka vigingi vishike. Kwenye mwamba au mchanga, mtahangaika na mawe wakati watoto wanalowa. Fimbo zenyewe zirefuke hadi kimo kinachotakiwa, mara nyingi sm 120 hadi 140, na zile fupi za kukunja mara tatu huwa hazifiki. Kama ni la piramidi, nguzo inasimama katikati, palepale mtoto anapojigeuza. Na mmoja akitaka kwenda kutembea na fimbo zake mchana, hema linalala chini. Kwa nyinyi ningechukua lenye fito, linalosimama lenyewe au nusu, kwa maana ya kwamba vigingi viwili vya miguuni ndivyo vinavyonyoosha sakafu.

Ukuta mmoja kwa watu wanne, hapana. Pumzi na jasho la watu wanne lazima litoke; lisipotoka linagusa kitambaa kilichopoa na kugeuka matone. Kwenye kuta mbili, matone yanabaki kwenye kifuniko cha nje na chandarua cha hema la ndani kinawakinga. Kwenye ukuta mmoja, mtoto anajigeuza, mfuko wake unafuta ukuta, na mfuko wa manyoya uliolowa hauna joto tena. Hata hema la kuta mbili litatoa jasho mkilifunga lote. Acheni tundu la juu wazi hata mvua ikinyesha, inueni pindo la kifuniko sm 5 hadi 10 kutoka ardhini upande usio na upepo, na lala juu kidogo ya bonde na mbali na mto, kwani hewa baridi na unyevu hushukia chini. Chini ya miti umande hupungua. Nguo mbichi zikae kibarazani.

Jiko lisiwashwe ndani, na kibarazani pia msilizoee. Watoto wako karibu, kitambaa kinashika moto upesi, na kaboni monoksidi haina harufu.

Niseme na fito, maana ndizo hushindwa mapema watoto wanaposaidia kusimamisha. Alumini ya milimita 8.5 hadi 9.5 ndiyo salama: ikizidiwa hupinda kabla ya kukatika. Kaboni ni nyepesi ila hukatika ghafla na kuacha vipande vyenye ncha. Faibaglasi ni nzito na hupasuka kwa urefu. Ufito mwingi wa alumini hauvunjwi na upepo. Unavunjwa na kiungo kisichoingia mpaka mwisho: ncha ya kipande kimoja imekaa mdomoni tu mwa kingine, ukipinda, mdomo unafunguka na kupasuka. Msiurushe ufito ujiunge wenyewe kwa mpira uliomo ndani yake. Unganisheni kipande kwa kipande, mtoto apitishe kidole juu ya kila kiungo na asihisi pengo. Kwenye mifereji ya kitambaa sukumeni, msivute, la sivyo viungo vinaachana ndani. Mkikunja, anzeni katikati mkielekea ncha, mpira usivutwe wote upande mmoja.

Lile bomba fupi linalokuja na hema ni la kuungia. Ufito ukivunjika, nyoosha palipopinda, telezesha bomba mpaka ufa uwe katikati yake, zungushia utepe wa nguvu ncha zote mbili. Linakaa safari nzima.

Vigingi: ardhi ngumu inataka vya sm 15 au 16 vyenye umbo la Y. Ardhi laini inataka virefu na vipana zaidi, sm 20 kwenda juu. Kichwa cha kigingi kielekee mbali na hema, na kamba ikae chini kabisa, igusane na udongo. Kwenye mchanga, jaza mfuko mchanga, funga kamba, ufukie kwa ubapa. Kamba za upepo zifungwe jioni hata kama kumetulia, kwa sababu hutapenda kuzitafuta gizani.

Pima_Kwanza

Kwa tofauti ya gramu 200 na mtoto wa miaka 4, ningechukua moja la wanne. Ukubwa huo unagawanyika vizuri: mzazi mmoja anabeba hema la ndani na vigingi, mwingine kifuniko na fito. Kifuniko kikae mfuko wa nje wa begi, kwani asubuhi kitakuwa kimelowa na kisikutane na hema la ndani. Wa miaka 8 asizidishiwe asilimia 10 ya uzito wake: akiwa na kilo 25, ni kilo 2.5 pamoja na begi lenyewe.

Angalia pia linavyosimama. Mengi yanataka hema la ndani lianze, kifuniko kifuate, na kwenye mvua sakafu inapokea maji yote hayo. Lile ambalo kifuniko kinasimama kwanza linawapa watoto pa kujificha wakati mnaendelea kufunga la ndani.

Mawili_Madogo

Sawa, kwa umri wa mdogo nakubali. Ila shuka ya kutandika chini ya hema usinunue nzito. Karatasi ya Tyvek ya kujengea, ama plastiki nyembamba ya madirisha, inatosha, ukiikata iwe ndogo kuliko sakafu kwa sm 5 kila upande. Ikichungulia nje inapokea mvua na kuimwaga chini yenu.

Fundi_Mishono

Likifika, usilizibe mishono kwanza, kwa sababu wauzaji wengi hawalipokei tena likishapakwa. Lipime kwenye mzani wa jikoni, kila kipande peke yake. Lisimamishe bustanini au sebuleni, lala ndani wote. Ingia bila taa wakati wa giza na mtu abaki nje amulike kitambaa: palipotoboka au uzi ulioruka pataonekana kwa nukta ya mwanga. Vuta kila kitanzi cha kamba kwa nguvu ya mkono, angalia kama mshono unafunguka. Fungua na ufunge kila zipu mara nyingi, hasa kwenye kona ya mviringo, kwa mkono mmoja kama mtoto atakavyofanya. Ikinasa kitambaa kila mara, lirudishe hema. Zipu ikianza kuachia nyuma ya kichwa chake baada ya safari nyingi, safisha meno kwa mswaki mkavu, kisha bana pande mbili za kichwa kwa koleo, kidogo sana, upande mmoja halafu wa pili, ukijaribu kila baada ya kubana. Ukibana sana kinapasuka.